Saratani ya ovari imemrudia mama, kemo ya mara ya pili inafanya kazi kweli?

Swali kwa ufupi: aliyeuliza ni binti wa Wete. Mamaake ana miaka 58, alikutwa na saratani ya ovari iliyokwisha sambaa tumboni, akapasuliwa Dar, akapigwa dripu sita za kaboplatini na paklitakseli, akapata nafuu mpaka akarudi kwenye kazi yake ya kushona kofia za mkono. Sasa imepita miezi kumi tangu dripu ya mwisho, tumbo limeanza kujaa tena, ultrasaundi imeonesha maji, kipimo cha damu cha CA 125 kimepanda, na daktari anataka arudi kwenye kemo. Mashangazi wanasema kemo ya pili ndo inayoua, bora miti shamba na hijama. Vidole vya mama bado vina ganzi ya dripu za mwanzo. Binti anauliza: inasaidia kweli mara ya pili? Madhara yake yepi? Waende au wakatae? Na Ramadhani imekaribia, atafunga?

Wa alaykum salaam mwanangu. Poleni nyote, na mpe mama salamu zangu. Naanza na jibu lenyewe mana najua ndo unalolingoja: mpelekeni, na msikawie. Lakini mwende mkijua mnakwenda kutafuta nini, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi zinapokuja kugombana baadae, mmoja anadhani mama anakwenda kupona kabisa, mwengine anadhani anapelekwa kumalizwa, na ukweli hauko kwa huyu wala kwa yule.

Saratani ya ovari iliyogunduliwa ikiwa imeshasambaa ina tabia yake, dripu za mwanzo inazisikia sana, wengi wanapata nafuu mpaka skani inatoka safi, halafu kwa wengi hao hao, kiasi cha saba kati ya kumi au zaidi, inarudi. Na ikisharudi ni nadra kuondoka moja kwa moja. Kwa hiyo kemo ya safari hii lengo lake si lile la mwanzo. Lengo ni kuurudisha ugonjwa nyuma, kukausha hayo maji ya tumbo, ale, alale, apumue vizuri, akae na wajukuu, na kumpa muda. Muda wenyewe kwa wengine ni miezi, kwa wengine miaka, wapo wanaopigwa kemo kwa vipindi mara tatu mara nne na baina ya kipindi na kipindi wanaishi maisha yao tu kama kawaida. Hivo mtu akikuuliza "inafanya kazi?" mwambie kazi ipi, kuponya moja kwa moja au kumpa mama nafasi, mana la pili ndo tunalolizungumza hapa.

Sasa kwa nini nasema mama yuko upande wenye matumaini. Ikirudi saratani hii, kitu cha kwanza tunachouliza sisi tunaotibu si CA 125 imefika ngapi, tunauliza dripu ya mwisho ilikuwa tarehe ngapi. Kaboplatini ni ya jamii ya dawa za platini, na platini ndo mhimili wa matibabu haya. Ugonjwa ukirudi kabla haijatimia miezi sita, kwa kawaida seli zimeshaizoea dawa, tunasema imekuwa sugu kwa platini. Ikipita miezi sita bado inaisikia, na muda ukiwa mrefu zaidi inaisikia zaidi. Huo mstari wa miezi sita si ukuta, mwenye miezi mitano na nusu na mwenye sita na nusu hawapishani kitu, lakini ndo tunapoanzia hesabu. Mama ana kumi. Si miaka miwili, lakini si miezi mitatu vilevile.

Unataka namba, ntakupa. Kuna hesabu za Marekani za 1991 za wanawake waliorudishiwa platini: waliokaa miezi 5 mpaka 12 bila dawa, uvimbe ulipungua kwa wanawake 27 kati ya mia, na waliokaa zaidi ya miaka miwili ikawa wanawake 59 kati ya mia. Hizo ni za zamani. Ukiipa platini mwenzake matokeo yanapanda, mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti ulioongozwa na Wajerumani, kaboplatini peke yake ilipunguza uvimbe kwa wanawake 31 kati ya mia, ikichanganywa na jemsitabini, dawa nyengine ya kemo, ikawa 47. Kwa hiyo mtu wa hali ya mama, ukimwambia ana nafasi ya kama theluthi mpaka nusu kwamba uvimbe utarudi nyuma kwa kuonekana, hujamdanganya. Na juu ya hao wapo ambao haupungui lakini unasimama palepale, na kwa mgonjwa mwenye tumbo la maji kusimama nako ni faida.

Hapo kwenye vidole vya mama nataka nikae kidogo, kwa sababu hilo ndo swali kubwa kuliko mnavodhani. Ganzi ile inatokana na paklitakseli. Inaharibu neva za vidoleni na nyayoni, kwa wengine inapungua baada ya miezi, kwa wengine inabaki, na ukimuongezea dawa ileile juu ya ganzi ambayo haijaondoka unaweza kumfikisha pahala hashiki sindano tena, hafungi kifungo, anakanyaga kaa la moto hajui. Sasa mtu anayeshona kofia za mkono, zile za viua vidogo vidogo, ukimpa miezi tisa ya nafuu halafu ukamnyang'anya vidole, umempa nini? Kwa hiyo mkifika kwa daktari, kabla hajaandika kitu, mama aseme mwenyewe: nashona, na vidole havijarudi.

Kwa sababu ipo njia nyengine. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti unaitwa CALYPSO, wanawake 976 ambao saratani iliwarudia baada ya zaidi ya miezi sita, nusu wakapewa kaboplatini na paklitakseli, nusu kaboplatini na doksorubisini ya liposomu, yaani iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo vidogo vya mafuta. Kwa ujumla kundi la pili walikaa miezi 11.3 kabla ugonjwa haujaanza tena kusogea, la kwanza miezi 9.4. Kwa wale wa miezi 6 mpaka 12 kama mama ilikuwa 9.4 na 8.8, yaani ni kama sawasawa, na ujue hizo ni namba za mtu wa katikati, nusu walizidi hapo na nusu hawakufika. Lakini tazama madhara: ganzi ya kusumbua ilikuwa 27 kati ya mia kwa wa paklitakseli, 5 tu kwa wengine. Nywele kutoka, 84 kwa 7. Aleji ya dawa, 19 kwa 6. Kwa mama mimi ningeelekea huko, nasema wazi.

Si kwamba hiyo doksorubisini ya liposomu haina lake. Kichefuchefu kilizidi, 35 kwa 24, vidonda vya mdomo vilikuwa 14 kwa 7, na ina jambo lake la peke yake, viganja na nyayo zinakuwa nyekundu, zinauma, ngozi inachubuka, hilo lilikuwa 12 kwa 2. Inatokea pale ngozi inaposuguliwa au kupata joto. Hivo siku za mwanzo baada ya kila dripu, wiki nzima ikiwezekana, mama asikune nazi, asifue kwa mikono, asioge maji ya moto sana, asivae viatu vya kubana, apake mafuta laini bila ya kusugua, na sindano ya kofia nayo aipumzishe hizo siku. Piko aliache kabisa. Moyo wake upimwe eko kabla ya kuanza. Na muulize bei na kama inapatikana, mana ni ghali, na doksorubisini ya kawaida si dawa hiyohiyo ingawa jina linafanana, ile ya kawaida inauchosha moyo zaidi, msikubali moja iwekwe badala ya nyengine bila ya daktari kusema. Isipopatikana, kaboplatini na jemsitabini inawezekana, au hata kaboplatini peke yake kama mama kadhoofika, si matibabu ya kudharau.

Jengine ambalo watu wa bara hawalifikirii: safari. Kaboplatini na doksorubisini ya liposomu inatolewa kila wiki nne. Na paklitakseli kila wiki tatu. Na jemsitabini ni wiki tatu lakini inataka arudi tena siku ya nane, sasa mtu wa Wete hesabu mwenyewe, Pemba Unguja, Unguja Dar, na bahari ya kusi, na mtu tumbo limejaa. Muulizeni daktari Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kama vipimo vya damu na baadhi ya dripu vinaweza kufanyika hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja, mtapunguza boti moja. Mkiwa na jamaa wa kufikia Unguja, wiki mbili za mwanzo baada ya dripu ya kwanza kaeni huko huko, msikimbilie kurudi, mpaka mjue mwili wake unavoichukua.

Kuna hatari moja ya mara ya pili ambayo mara ya kwanza haikuwepo sana, nayo ni aleji ya kaboplatini yenyewe. Mwili unakuwa umeshaijua. Kwenye kundi moja la wagonjwa Marekani, hesabu zilizotoka 1999, waliokwisha kupata zaidi ya dozi saba walioshikwa na aleji walikuwa 27 kati ya mia. Mama kashapata sita, kwa hiyo dripu ya pili ya safari hii ndo ya nane, hapo na kuendelea macho yawe juu yake. Inaanza na viganja kuwasha, uso kuwa mwekundu, kifua kubana, tumbo kukata, au anasema tu "najihisi sivyo". Akisema hivo dripu ifungwe pale pale muuguzi aitwe. Najua mama zetu, atavumilia asimsumbue mtu, mwambieni hapa hakuna kuvumilia. Na ikitokea sio mwisho wa matibabu, mara nyengine inarudishwa polepole kwa utaratibu maalumu mbele ya wataalamu, au inabadilishwa.

Homa. Hili liandike karatasini ulibandike ukutani. Karibu siku ya saba mpaka ya kumi na nne baada ya dripu chembe nyeupe za damu zinashuka, na mtu hana askari wa kupigana na vijidudu. Nunueni kipima joto. Ikifika 38 usimpe panadoli ukangoja asubuhi, usingoje boti, nenda hospitali ya karibu usiku huo huo, Wete hapo hapo, au Chake, au Abdalla Mzee Mkoani, na useme mlangoni kabla ya kitu chengine: huyu yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho tarehe fulani, ana homa. Anataka antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja, na picha kamili ya damu. Kipimo cha malaria kifanywe, sawa, lakini kisiwe sababu ya kumrudisha nyumbani. Homa hii ndo inayowapeleka watu, na wale wanaosema kemo imemuua fulani mara nyingi wakielezea utakuta kulikuwa na homa siku mbili tatu nyumbani.

Kaboplatini pia inashusha chembe za kugandisha damu, na hizo zinafika chini kabisa baadae kidogo, karibu wiki ya tatu. Fizi kutoka damu, michubuko bila ya kugonga pahala, vidoti vyekundu miguuni, pua kutoka damu isiyokatika, nendeni. Diklofenaki na aspirini asimeze kwa maumivu bila ya kuuliza. Kichefuchefu dawa zipo, ondansetroni na deksamethasoni, azimeze kwa saa alizoandikiwa hata kama hajisikii kutapika, ukingoja kianze umechelewa. Uchovu atakuwa nao, huo hauna kidonge, atembee kidogo uani kila siku, kulala kutwa kunauzidisha. Chakula apikiwe kizima na kiive, wiki ile ya damu kushuka pweza wa barabarani na urojo wa kununua aviache, na harusini na matangani asiende.

Jambo jengine ambalo si la dawa bali la ugonjwa wenyewe: tumbo likikaza kwa mawimbi, anatapika kijani, hatoi upepo wala choo, huenda utumbo umebanwa. Msimpe dawa ya kuharisha, msimpige enema, hospitali.

Sasa mashangazi. Usigombane nao, wanampenda ndugu yao, na wameona watu wakifa wakiwa kwenye kemo, hawakuota. Ila watu hao wengi walikuwa wameshafika mbali, au ndo hiyo homa. Kombe anywe, maji yawe yamechemshwa tu. Asali na habasoda kidogo kwenye chakula sioni neno. Ninachokataa ni hivi: hijama ya kuchanja katika kipindi hiki hapana kabisa, mtu hana chembe za kugandisha damu wala za kupigana na vijidudu halafu unamfungulia ngozi pahala kumi, hilo ni la kumuua kweli. Na miti ya kuchemsha isiyojulikana ndani mna nini, mana kaboplatini inatoka kwa figo, na figo zikiguswa na miti dozi ile ile iliyokuwa salama inakuwa sumu. Kama kashakunywa kitu mwambieni daktari, hafukuzi mtu.

Mtajuaje inasaidia? Baada ya dripu ya tatu hivi ipigwe skani, na msingoje skani tu, mumtazame mwenyewe: mkanda wa kitambaa kiunoni umelegea? Anamaliza sahani? Maji yanavutwa mara chache zaidi? CA 125 inasaidia kuonesha njia lakini msiifanye ndo bwana wa nyumba. Utafiti mkubwa uliotoka 2010 ulionesha kuwa wanawake walioanzishiwa kemo pale tu namba ilipopanda, bado hawana dalili, hawakuishi zaidi ya walioanza dalili zilipotokea, walichopata ni kuanza madhara mapema. Mama yeye dalili anazo, tumbo hilo, kwa hiyo wakati wake ni huu, lakini kumbuka hili huko mbele msije mkakimbizana na karatasi za maabara.

Na kama skani inaonesha ugonjwa unasonga mbele juu ya dawa, isimamishwe. Kumalizia sita kwa sababu zimeandikwa sita hakuna maana. Hapo tunaingia kwenye ule usugu, na ntakwambia kweli, matokeo ni madogo: kwenye utafiti wa AURELIA wa 2014, kwa wagonjwa sugu kwa platini, kemo ya dawa moja ilipunguza uvimbe kwa wagonjwa 12 kati ya mia, na ikiongezwa dawa ya bevasizumabu ikawa 27. Wapo wanaoamua kujaribu, kwa mfano paklitakseli ya kila wiki, ingawa kwa vidole vya mama mimi ningesita. Wapo wanaosema basi, na hao si watu waliokata tamaa. Mofini ya maji, kuvutwa maji, kutunzwa nyumbani, hayo ni matibabu kamili na yanaweza kuanza leo pamoja na kemo, si lazima yangoje mwisho. Mofini haimfanyi mtu mlevi wala haimharakishi, akiumwa apewe.

Vidonge vya olaparibu na wenzake utavisikia. Vinatumika baada ya platini kushusha ugonjwa, ili ukae chini muda mrefu zaidi, khasa kwa wenye hitilafu ya jini ya BRCA. Bei yake ni kubwa mno kwa familia nyingi, lakini kipimo cha jini kiulizieni hata kama vidonge hamvimudu, kwa ajili yako wewe na dada zako. Upasuaji wa pili una watu wake, waliochaguliwa vizuri, na tumbo likishajaa maji mengi kwa kawaida mtu hayumo.

Hujaniandikia kama mama mwenyewe anajua. Umesema "tunataka kuamua" na "tumeambiwa". Mwanangu, mwambieni. Hana haja ya kutajiwa namba zote hizi, lakini aambiwe ugonjwa umerudi, dawa ipo, haitouondoa kabisa ila inaweza kumpa nafuu, na aulizwe anataka nini. Nimeona mama wakisema napiga dripu tatu nione harusi ya mwanangu kisha tutazungumza, na huo ni mpango mzuri kuliko mingi tunayoandika sisi. Na anayefichwa haelewi kwa nini anateswa, ndo unakuta anagoma dripu ya pili.

Kuhusu funga: hukmu yake muulize sheikh wenu, ataeleza mambo ya kulipa na fidia. Kwa upande wangu, wakati yuko kwenye dripu asifunge. Dozi ya kaboplatini inapigwa hesabu kwa figo zake, si kwa kilo tu, na mtu aliyekaukiwa na maji figo zinasomeka vibaya na dawa inakaa mwilini. Hivo siku ya kutolewa damu ya kipimo na siku ya dripu afike amekunywa maji ya kutosha, na ile barua ya matibabu ya mwanzo yenye tarehe na dozi za dripu zote sita muwe nayo mkononi, si kwenye begi lililobaki Wete.